Kamati ya Baba Watoto na Chupa za Mto Mara

Sangara akivuliwa Musoma hugawanywa hivi: minofu hupanda ndege kwenda Ulaya, bondo, yaani kibofu cha hewa, husafiri hadi Hong Kong, panki, yaani mifupa inayobaki, na kichwa huuzwa kwa akina mama wakaangaji, na harufu tunaachiwa sisi. Mgao huu haujawahi kupitishwa na baraza lolote la madiwani, lakini kila aliyejenga upande wa viwanda vya samaki anaujua. Mchana upepo hutoka ziwani kuja mjini, usiku hugeuka kurudi majini, kwa hiyo harufu yetu ina saa zake za kazi, na wanawake wa mtaani huanua nguo kwa kuifuata. Mgeni akiuliza ni nini hiki, tunamjibu kwamba ni ajira.

Kabla ya samaki palikuwa na pamba. Nilipokuwa msichana, kiwanda chenye jina mjini kilikuwa MUTEX, mali ya serikali, na kitenge changu cha kwanza kilitoka humo. Miaka ya 1990 kikafungwa, na zama za minofu zikaingia. Halafu mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ukazuia samaki wote wa Ziwa Victoria, kwa sababu walikuwapo wavuvi waliomwaga majini dawa za kuulia wadudu ili wavue bila jasho, jamii ya dawa zile zile ambazo wakulima wa Bunda wanapulizia pamba. Nilikuwa mke mchanga. Mwaka ule tulikula minofu hadi tukaichoka, maana haikuwa na pa kwenda. Ulaya waliogopa kuila. Sisi tuliiongezea ndimu.

Nayasema haya ili ieleweke kwamba binti yangu siye aliyeleta uchafu wa viwanda ndani ya nyumba. Yeye aliuleta kwenye chupa tu.

Huyu binti ni kitinda mimba wangu. Alipoingia kidato cha kwanza alimkuta darasani msichana anayekaa dawati la nyuma peke yake. Mama wa msichana huyo ni mkataji wa minofu: anavaa buti nyeupe za mpira, anasimama kwenye maji baridi zamu nzima, na akirudi nyumbani anajisugua kwa ndimu, kwa sabuni ya kufulia, kwa majivu, na bado nywele zinamsaliti. Wanaishi chumba kimoja, sare ya shule imetundikwa ukuta mmoja na sare ya kazi. Darasa likampa mtoto jina: Panki.

Mwalimu alipomwelekeza binti yangu akakae pale nyuma, wenzake walimwonea huruma kwa sauti. Akakaa, akatoa daftari, na kwenye jalada, chini ya jina lake, akaandika "Kichwa". Wakamuuliza ndiyo nini. Akasema, kwani hamjui sokoni panki na kichwa huuzwa pamoja? Nimezaa watoto wanne, na sijamsikia hata mmoja akisema neno la maana kuliko hilo. Tangu siku ile ndivyo wanavyoitwa, hata na baadhi ya walimu, na mimi nitawaita hivyo hivyo.

Panki akawa mtoto wa nyumba. Zamu ya mama yake ikiwa ya usiku, alilala kwetu. Walikua pamoja kwa namna wanavyokua wasichana: kwanza walisukana nywele, halafu wakaazimana viatu, halafu wakaanza kunyamaza nikiingia chumbani. Mume wangu mwanzoni hakupendezwa. Alisema mtoto ni mwema ila "mazingira anayotoka" yanatia mashaka, akiwa ameketi mahali ambapo mazingira hayo hayo yalikuwa yakiingia dirishani. Panki alimshinda kwa shikamoo. Alimwamkia asubuhi, mchana na jioni, kwa magoti, hadi mzee akaanza kumuulizia asipomwona.

Huyu mume wangu inabidi nimweleze kidogo. Alistaafu utumishi wa umma, ila vikao havikustaafu naye. Kuku akipotea, anaunda kamati. Umeme wa luku ukiisha kabla ya tarehe yake, kamati. Ana daftari gumu la kumbukumbu za vikao vya nyumba yetu, na Kichwa ndiye katibu, kwa kuwa ana mwandiko mzuri na hana pa kukimbilia. Kamati zote hizo mwenyekiti ni yeye, na mhusika anayepatikana mwishoni huwa ni mtu ambaye siku hiyo hayupo.

Basi, Machi 2022, maji ya Mto Mara pale Kirumi, kwenye daraja la barabara ya Tarime, yakabadilika. Yakawa meusi kama chai iliyosahauliwa jikoni, juu yana utando wa mafuta, na samaki wakaelea wamekufa. Serikali ikazuia uvuvi na matumizi ya maji yale kwa muda. Waziri wa Mazingira, Selemani Jafo, akaja kuona, na kamati ya wataalamu ikaundwa chini ya Profesa Samwel Manyele. Lakini Mara ilikuwa na jibu lake kabla kamati haijafika. Juu ya mto, Nyamongo, kuna mgodi mkubwa wa dhahabu, na watu hawajasahau mwaka 2009, maji yenye tindikali yalipovuja kutoka mgodini hadi Mto Tigithe, ambao unamwaga kwenye Mto Mara. Ukipanda hiace kutoka Musoma hadi Makutano, abiria, kondakta na mtoto aliyebebwa mgongoni walikuwa wameshatoa hukumu.

Panki alikuwa na sababu ya karibu zaidi. Mjomba wake anavua Kirumi, na nyavu alikuwa amezikopa. Sasa nyavu zimeanikwa juani na deni linakua kivulini. Kila jioni mjomba alimpigia simu mama yake Panki, na Panki, katika chumba kile kimoja, alisikia yote.

Mimi sikujua kitu. Nilijua tu kwamba Bibi, mama mkwe wangu, alitakiwa kuletwa mjini atibiwe macho, na nikawatuma wasichana Butiama wakamchukue. Bibi anakaa si mbali na Mwitongo, nyumbani kwa Mwalimu Nyerere, na kwa sababu ya ujirani huo haamini kwamba kuna jambo la nchi linaloweza kuamuliwa bila yeye kushauriwa. Wasichana waliondoka alfajiri. Walipofika Makutano wakapanda gari la Tarime badala ya la Butiama, wakashuka darajani. Walifika kwa Bibi alasiri, tope magotini, na chupa tatu za soda zimejaa maji meusi. Bibi alikuwa amefunga mizigo tangu asubuhi na amekaa juu yake.

Katika mizigo hiyo mlikuwa na kuku wawili, unga wa udaga, samli, na chupa tatu za dawa ya magoti. Dawa hiyo ni magome na mizizi ambayo Bibi haitaji majina yake hata kwangu mimi mkamwana wake wa miaka yote hii. Inachemshwa siku nzima hadi iwe nyeusi. Nayo ilikuwa kwenye chupa za soda, maana nchi hii kila kinachomiminika mwisho wake ni chupa ya soda. Bibi alipoona wajukuu wanahangaika na chupa mikononi, akawaambia wazitie kwenye kikapu chake, wote wapate kupumzika. Wakatia.

Panki ni mtu wa utaratibu, na kwa haki yake niseme kwamba alikuwa ameweka lebo. Aliandika kwenye vipande vya karatasi: Kirumi chini ya daraja, Kirumi kwenye matete, Kirumi mwaloni. Gundi hakuwa nayo, akatumia uji mzito ulioletwa kwenye chupa ya chai. Mende wa nyumba yetu, ambao nao ni wakazi halali wa Musoma, walizila lebo zote usiku wa kwanza, uji na karatasi.

Kesho yake wasichana wakaongeza chupa ya nne. Walitaka kulinganisha, walivyokuja kueleza baadaye: maji ya mto yaliyoharibika ghafla na maji ya mtaro wa viwandani, ambayo yameharibika siku zote na hayaundiwi kamati. Hii ilikuwa chupa ya kioo isiyo na kifuniko. Wakaichotea mtaroni, wakaiziba kwa gunzi la mahindi, wakaipandisha juu ya kabati la chumbani kwao. Chini ya kabati hilo ndipo tulipomtandikia Bibi.

Katikati ya juma nyumba ikaanza kunuka.

Nimesema harufu ya nje ina saa zake. Hii haikuwa na saa. Ilikuwapo asubuhi, ilikuwapo usiku upepo ukiwa umegeuka, ilikuwapo ndani ya mkate. Baba watoto akavumilia siku moja, ya pili akalitoa daftari. Akasoma hadidu za rejea akiwa amesimama: kubaini chanzo cha harufu, kumbaini mhusika, na kupendekeza hatua. Muda wa kazi, siku tatu. Posho, hakuna. Katibu akaandika yote bila kutikisika kalamu, akijua fika kwamba chanzo kiko juu ya kabati lake. Nilikuja kuisoma kumbukumbu ile baadaye. Mwandiko ni wa mtu mwenye dhamiri safi kabisa, na ndipo nilipojua kwamba mwanangu amekuwa mtu mzima.

Kamati ilifanya kazi. Iliinua makochi, ikapata mkasi wangu wa kushonea uliokuwa umepotea hadi nikamlaumu fundi mwenzangu. Ilimulika chooni. Ilikagua mtego wa panya, ikakuta panya hajafika. Bata wa jirani aliondolewa kwenye orodha ya washukiwa kwa kuwa aliliwa Krismasi. Siku ya pili Panki, ambaye naona usingizi ulikuwa umemwisha, alipiga goti akasema, "Baba, naomba kuna jambo niseme."

"Mwanangu," akasema mwenyekiti kwa upole mwingi, "wewe hapa ni mgeni mwalikwa. Kamati ikikuhitaji itakuita."

Haikumwita. Siku ya tatu jioni ripoti ikasomwa sebuleni mbele ya familia nzima. Kwa kuwa harufu ilianza Bibi alipowasili, na kwa kuwa Bibi aliwasili na samli, chanzo ni samli. Ilipendekezwa samli ihamishiwe banda la kuku. Bibi alikuwa akichambua mchicha. Hakuinua macho. Na kwa mipango ya Mungu, redio ilikuwa wazi, na taarifa ya habari ikawa inasoma matokeo ya kamati ya Profesa Manyele: kwamba maji ya Mto Mara yalichafuliwa na vinyesi na mikojo ya mifugo iliyojaa bondeni pamoja na mimea iliyooza, mvua ikavisomba kuviingiza mtoni, oksijeni ndani ya maji ikaisha, samaki wakakosa hewa. Kemikali za mgodi hazikuonekana kuwa chanzo.

"Wamesema nani?" Bibi akauliza.

"Ng'ombe, Mama."

"Ng'ombe yupi?"

"Wote."

Bibi akaweka ungo chini. Nimeolewa Butiama, nimemwona mama huyu kwenye misiba na kwenye mashamba yaliyokauka, lakini vile sikuwahi kumwona. "Mtoni ng'ombe, nyumbani ng'ombe," akasema. "Ng'ombe ndiye aliyemtoa huyu mkeo kwao. Ng'ombe ndiye aliyekulipia ada hadi ukajua kusema hadidu. Hao wetu wamekunywa mto ule na kukunya humo tangu mimi sijazaliwa, na samaki walinenepa. Leo wamejifunza kukunya upya?"

Baba watoto, badala ya kunyamaza, akaleta sheria. Akasema Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto.

"Na ng'ombe alisomewa lini?"

Kikao kiliahirishwa. Samli ililala banda la kuku, Bibi akakataa kula, na mimi nikampelekea uji kwa siri, ambao aliunywa kwa siri pia.

Usiku huo mama yake Panki alikuwa zamu, kwa hiyo Panki alikuwa amelala na mwenzake kitanda cha pili, Bibi chini ya kabati. Ilikuwa saa nane hivi. Tulisikia mlio wa bunduki. Baadaye ilijulikana kwamba ni gunzi lililofyatuka likagonga silingbodi, na chupa ikatapika kila kilichokuwamo, ikamtapikia Bibi. Kilichofuata ni ukelele wa Kizanaki ambao majirani mpaka leo wanauiga, na kisha kwa Kiswahili, ili kila mtu aelewe: "Wezi wamenimwagia maiti!"

Baba watoto aliingia na panga na tochi ya simu, akavuta pumzi moja, akatoka. Nikabaki mimi. Nimewahi kupita nyuma ya viwanda saa za kazi, nimewahi kuishi na kapu la dagaa lililonyeshewa. Harufu ile ilikuwa na mamlaka.

Maungamo yalifanyika uani, saa tisa za usiku, Bibi akiwa ndani ya beseni na wasichana wakimmwagia maji ya moto na kumsugua kwa ndimu. Panki ndiye aliyejua jinsi ya kusugua. Mkono wake ulikuwa umezoea. Na huku akisugua ndipo alipotoa ule ushahidi ambao kamati haikuutaka. Alisema maji ya mtaro yana vipande vya samaki na damu. Vijidudu vinavyovila vinatumia oksijeni iliyomo majini mpaka iishe, halafu vinaingia kazini vile visivyohitaji oksijeni, na hivyo vinapokula vinatoa gesi, mojawapo haidrojeni salfaidi, ile inayonuka mayai viza. Gesi ikijaa inatafuta njia. Kinachotokea mtoni ndicho hicho, alisema, ila mto hauna gunzi. Ukiletewa mavi ya ng'ombe, ukiletewa matete yaliyooza, ukiletewa damu ya sangara, mto hauulizi vimetoka kwa nani. Hewa inaisha, na samaki hawana pa kutokea.

"Kwa hiyo ng'ombe amehusika au hakuhusika?" akauliza Bibi kutoka kwenye beseni.

"Anaweza akahusika, Bibi. Ila si yeye tu anayeoza."

Bibi akafikiri. "Huyu mtoto ana akili," akasema. "Ongeza maji."

Ingeishia hapo ningekuwa nimesahau. Lakini kulipokucha Panki alikwenda kuhesabu chupa zake za Kirumi, kwa kuwa moja walikuwa wameshaipeleka shuleni kwa mwalimu wa kemia. Zilipaswa kubaki mbili. Akafungua moja, akanusa, uso ukabadilika. Akafungua nyingine. Akaja jikoni akiwa amezishika zote, akasema taratibu, "Mama, hizi zinanuka magome."

Tulikwenda kwenye kikapu cha Bibi. Chupa mbili zilikuwa zimejaa, na ya tatu ilikuwa chini ya nusu. Panki akanusa zote, akakaa chini. Zilikuwa Kirumi tupu.

Swali likawa ni nani aliyepunguza ile ya tatu. Lazima niseme kwamba nyumbani kwetu mwenye nyumba alikuwa ametangaza kwa miaka mingi kwamba dawa za mitishamba ni ushirikina na mgonjwa mahali pake ni hospitali. Hilo limo kwenye daftari gumu, limetiwa sahihi. Tukatazamana. Mwenyekiti alikuwa mlangoni, akiwa na kifuniko cha soda mkononi.

"Mwanangu," Bibi akauliza, "ulikuwa unakunywa ipi?"

Akajibu anakunywa kifuniko kimoja asubuhi na kimoja jioni, kabla ya chakula, kama Mama alivyomwelekeza. Nikamuuliza kama tumbo halikumsumbua. Akasema lilimsumbua kidogo siku ya kwanza, akadhani dawa inafanya kazi. Kisha, kwa heshima yote iliyobaki, akaongeza: "Na magoti yalikuwa yameanza kupata nafuu."

Nilimpeleka hospitali asubuhi ile ile. Alipoulizwa amekunywa nini alinitazama mimi nimjibie. Walimpima, wakampa dawa za tumbo, wakamrudisha akiwa mzima wa afya, na kwa muda wa kama mwezi hapakuundwa kamati yoyote nyumbani kwetu. Tuliishi kama watu wengine.

Upande wa shule mambo yalikuwa mabaya kwa namna nyingine. Ile chupa iliyopelekwa kwa mwalimu wa kemia ilikuwa imeshapimwa mbele ya darasa. Karatasi ya litimasi ya bluu iligeuka nyekundu, darasa likapiga meza, na mwalimu akasema kwa uchungu kwamba tindikali hiyo hapo, waseme wengine wanavyosema. Habari ilikuwa imefika sokoni. Sasa Panki na Kichwa walitakiwa kusimama mbele ya darasa lile lile lililompa Panki jina, waseme kwamba tindikali iliyopimwa haikuwa ya mgodi, ilikuwa ya bibi yake Kichwa.

Kichwa alitaka waache. Alisema nani atajua? Walibishana chumbani kwa sauti ya chini usiku kucha, na ni mara ya pekee niliyosikia Panki akimfokea mwenzake. "Mimi nimeitwa kwa uongo wa harufu miaka mitatu," alisema. "Siwezi kumpa mtu mwingine uongo wangu, hata kama ni mgodi." Asubuhi walikwenda wote wawili wakasema. Darasa lilicheka hadi la jirani likaja kuchungulia. Mwalimu, ambaye ni muungwana, naye alisimama akasema hukumu yake imefutwa, kisha akatumia kipindi kizima kueleza jambo ambalo lingepaswa kusemwa mwanzo: oksijeni ya mtoni hupimwa pale pale mtoni, kifaa kikiwa ndani ya maji, au maji yatiwe dawa ya kuituliza oksijeni papo hapo. Maji yaliyokaa kwenye chupa ya soda juma zima hayawezi kumwambia mtu samaki alikosa nini. Kumbe hata lebo zingekuwapo, safari yote ya Kirumi isingejibu swali lenyewe.

Kichwa hapendi kemia ila anapenda kushinda mabishano, na alitafuta kwenye simu ya baba yake hadi akapata kitu. Mwaka 2018 watafiti waliokuwa wamefanya kazi kwenye Mto Mara huko juu, upande wa Kenya, walichapisha utafiti kwenye jarida la Nature Communications. Walionyesha kwamba viboko, ambao huko ni zaidi ya 4,000, hunya kwenye mabwawa ya mto hadi oksijeni inaisha, mvua ikija inasukuma maji yale mabovu kwenda chini, na samaki wanakufa. Akamsomea bibi yake, kwa Kiswahili chake mwenyewe. Bibi alisikiliza hadi mwisho. "Huko nako mwenye kosa ni mnyama," akasema. "Mwanadamu hajambo?"

Mimi, kama mama wa nyumba iliyofanyiwa uchunguzi, nina maoni yangu. Sina ugomvi na jibu la ng'ombe. Baada ya kumsikia Panki pale kwenye beseni naona linaweza kuwa kweli. Waliolicheka nchi nzima walicheka kwa sababu lilikuja haraka na kumwangukia asiyeweza kujibu, nami nimeona sebuleni kwangu jinsi jibu la namna hiyo linavyopatikana. Kinachonikera ni kwamba mto ulipogeuka kila mtu alikuwa na la kusema na mvuvi wa Kirumi hakuwa na karatasi yoyote ya kuonyesha maji yake yalikuwaje mwezi uliotangulia, na mwaka uliotangulia. Mtaro wa viwandani nao sijawahi kumwona mtu akiupima mbele ya macho yetu sisi tunaoishi nao. Mjomba wa Panki alirudi majini marufuku ilipoondolewa. Deni la nyavu lilikuwa halijapigwa marufuku hata siku moja.

Panki alifaulu, akachukua mchepuo wa sayansi, PCB, bweni, mkoa mwingine, ambako hakuna anayelijua jina lake la Musoma. Alilitaja mwenyewe juma la kwanza. Kichwa alikwenda mchepuo wa sanaa, HGL, na kwenye simu wanabishana bado. Bibi macho yamepona na samli ilirudishwa jikoni kwa barua ya mwenyekiti. Juu ya kabati chumbani kwao kuna chupa sita, safari hii za plastiki, zimeandikwa kwa wino usiofutika: mahali, tarehe, saa na jina la aliyechota. Wakirudi likizo huongeza.

Kwa hiyo wewe ndugu utakayefika kwetu Musoma ukiwa na kiu, karibu sana. Omba maji ya mtungini. Na dawa ya magoti muulize Bibi mwenyewe akumiminie kwa mkono wake.